Arbuni ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetulaza na kutuamsha. U hali gani? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakiita mgeni kumbe kimeshahamia? Na wifi yangu, na watoto, na yule kitinda mimba anayekula chaki zako za kushonea, wote hawajambo? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako goti bado linamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa, na kila tukikaa kula anauliza habari zako. Mpwa wako amemaliza mitihani na sasa analala kama aliyeajiriwa kulala. Paa la jikoni linavuja palepale. Tumeweka ndoo, na ndoo imeshakuwa kama mtu wa nyumbani, tunaipisha njia.

Najua utashangaa kuona barua. Utasema, dada naye, simu anayo mkononi, kulikoni kuandika kama watu wa zamani? Simu nimepiga, mdogo wangu, na wewe unajua kwamba nimepiga. Ila kila nikipiga, kabla sijafungua kinywa, wewe umeshaanza kuniomba radhi kwa yale ya yadi ya magari. Nasema haya, ubarikiwe, nakata. Karatasi haitaniomba radhi. Ndiyo maana shemeji yako alipotoka tu nimefunga mlango, nikakaa hapa mezani na mwandiko wangu huu wa shule ya msingi unaoujua. Nikikosea mahali, soma hivyohivyo. Barua nampa jirani anayesafiri kuja huko, na nimemwapiza aitie mkononi mwako wewe mwenyewe, kabla mwezi haujaisha. Kwa nini kabla mwezi haujaisha, utaona.

Wifi alinipigia juzi. Alisubiri uingie bafuni, ndipo akapiga, na alikuwa akisema upesiupesi kama mtu anayeiba. Usimgombeze. Amenieleza kwamba umeacha kukata kitambaa. Sikumwamini. Wewe, ambaye mteja akikanyaga kizingiti tu umeshajua kiuno kimeongezeka au kimepungua! Wewe uliyebeba vipimo vya mtaa mzima kichwani, mpaka watu wakasema siku ukifa tutatembea uchi! Akasema sasa unakitandaza kitambaa mezani, unapima, unaandika kwenye karatasi, unapima tena, unaandika kwenye kiganja cha mkono, kisha unakikunja na kumrudishia mwenyewe na kumwomba samahani. Ile suti ya mwalimu mkuu umeirudisha hivyo, haijaguswa na mkasi. Akasema unainuka kwenda kutazama kufuli, ukirudi unamwuliza kama umeshakwenda. Kuna vidonge umeuziwa na mtu wa kupita, vya kurudisha kumbukumbu, vinakutapisha na hutaki kuviacha. Na tena umeshakubaliana na yule fundi wa simu kwamba mwisho wa mwezi huu unampisha chumba cha duka, na mtu wa kununua cherehani amekuja akaizungusha gurudumu na kuondoka akiridhika.

Wifi si mtu wa kulia, unamjua. Hakulia. Alisema tu, “Wifi, mume wangu anajiaga mwenyewe.” Halafu akaniuliza kama ni kweli marehemu baba alianza hivi, kwa sababu umemwambia kwamba hata dada mwenyewe ameona. Nikamjibu simu inakata sauti. Simu haikuwa ikikata sauti.

Sasa nivumilie, nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianza karibu nitalikimbia.

Kazi yangu pale yadi unaijua kwa juujuu. Wewe ukija unaniona nimekaa kwenye meza ile iliyo kati ya dirisha la keshia na mlango wa ofisi ya bosi, nyuma yangu chupa ya chai, mbele yangu kiti kimoja cha mgeni. Watu hudhani mimi ni wa kukaribisha. Ukweli ni kwamba meza ile niliiomba mwenyewe. Zamani mteja akipenda gari alikuwa anakwenda moja kwa moja dirishani, anatoa arbuni ili gari lisiuzwe kwa mwingine, anapewa risiti yake, basi. Akija kughairi ndipo anaambiwa kwamba arbuni hairudi. Ugomvi ukawa haukatiki. Mwaka mmoja akaja mama mmoja mjane, alikuwa ameweka arbuni ya gari la kubebea maziwa, ng'ombe wakafa, akaja kuomba pesa yake. Akaonyeshwa maandishi yaliyo nyuma ya risiti, madogo kama mayai ya chawa. Mama yule alikaa chini pale kwenye changarawe, katikati ya magari. Sikulala. Asubuhi nikamwendea bosi nikamwambia, bosi, hii pesa ina machozi. Niweke mimi. Mtu asilipe chochote mpaka apite kwangu, nimweleze kwa mdomo, naye anieleze mimi kwa maneno yake mwenyewe kwamba ameelewa.

Bosi akacheka, lakini si mtu mbaya, na ugomvi ulikuwa umemchosha. Akakubali, na akaongeza la kwake: mteja atakayethibitika hakuelezwa, atarudishiwa pesa yote, na aliyepaswa kumweleza atakatwa mshahara. Nikasema sawa, nani atashindwa kusema maneno mawili?

Tangu hapo ikawa hivyo. Mteja anakaa, namwambia: baba, hii pesa ni ya kulishika gari, ukighairi, kwa sababu yoyote ile, hairudi, sasa niambie nimesemaje. Na mtu mzima na kitambi chake anasema kama mtoto wa darasani, nikighairi hairudi. Wengine hapo hapo wanarudisha pochi mfukoni, wanakwenda kufikiri kwanza. Bosi alikuwa ananikunjia uso kwa hao, lakini aliniacha. Keshia hapokei hata senti mpaka nimpungie mkono. Wakaniita Mama Masharti. Yule muuzaji wetu, Chapchap, ndiye aliyenibatiza. Alikuwa anasema mimi nikifika peponi nitawakalisha malaika mlangoni niwasomee masharti kabla hawajanipokea. Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni, Mungu anisamehe, jina lile lilinipendeza.

Ndipo ukaja wewe, na ile habari yako njema ya sare za shule. Ulikuwa umeuza cherehani ya pili ili upate arbuni ya kigari cheupe cha mizigo, kile cha mlango mgumu wa ubavuni, uwe unapeleka sare mwenyewe badala ya kumlipa mtu. Ulikizunguka, ukakipiga tairi teke kama mjuzi, ukaniuliza kwa siri tairi hupigwa teke ili iweje. Ukakaa kwangu, ukaenda dirishani, ukalipa, tukaagana kwa furaha.

Wiki ile ile haijaisha, shule ikampa kazi mtu mwingine. Ukarudi. Hukuja kwa fujo. Ulimwambia bosi kwa heshima kwamba jambo limeharibika, huna tena njia ya kumalizia bei, unaomba arbuni yako, hata akikata kidogo kwa usumbufu si neno. Bosi akasema arbuni hairudi, na hilo uliambiwa. Ukasema hapana, mzee, samahani, sikuambiwa. Ulisema kwa utulivu tu, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea jina lake. Bosi akashangaa, akaniita. Keshia akachungulia dirishani. Chapchap alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Na wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja funguo. Bosi akaniuliza mbele yao wote, “Mama, huyu ulimwambia au hukumwambia?”

Nikasema, “Nilimwambia.”

Ulinitazama. Sijui kama unakumbuka ulivyonitazama, mimi nakumbuka. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi akakuta ngazi haipo. Kisha ukacheka kidogo, ukajikuna kisogo, ukamgeukia bosi ukasema, kama dada amesema aliniambia, basi aliniambia. Dada hasemi uongo. Naomba radhi, mzee, masikio yangu hayakuwepo. Ukampa mkono. Ukampa na keshia mkono.

Nikakusindikiza mpaka getini. Pale ukanishika mkono, ukaniuliza polepole, “Dada, marehemu baba si alianza hivihivi?”

Wewe ndiye uliyemwogesha baba miaka yake ya mwisho, mimi nilikuwa mbali kwa mume. Wewe ndiye unayejua kwamba haikuanza na kupotea njia, wala kumwita mama aliyekwisha kufa. Ilianza kwa kukataa kwamba ameambiwa. Anaambiwa leo jirani amefiwa, kesho anagomba mbona hakuambiwa. Wewe ulijua unaniuliza nini. Na mimi nilijua. Nikakujibu ni uchovu tu, utapumzika, Mungu ni mwema. Nikamtaja Mungu, mdogo wangu, pale pale getini, kwa mdomo ule ule.

Sasa limenifika. Nimekwenda kunywa maji, nikamwaga ndoo ya jikoni ambayo haijajaa, nimerudi.

Sikukwambia.

Hukusahau kitu. Hapakuwa na kitu cha kusahau. Siku ile ulipokaa kwenye kiti changu cha mgeni, nitakuandikia yote tuliyosema, na wewe uyapime na yaliyo kichwani mwako. Ulisema kiti kinalia kama kitanda cha marehemu baba. Nikakumiminia chai, ukasema imezidi tangawizi, nikakwambia kanywe kwenu. Nikakuuliza habari za yule kitinda mimba wako, ukasema amemeza chaki ya bluu na wifi amemshika miguu juu kichwa chini kama kuku wa sokoni. Halafu ukanisimulia yule mteja wako mnene aliyekataa kwamba amenenepa, akashikilia kwamba tepu yako ya kupimia ndiyo iliyosinyaa kwa kuloa mvua, ukaenda kumnunulia nyingine, nayo akasema imesinyaa. Nikacheka mpaka machozi. Nilikuwa bado nafuta macho keshia alipoita, “Mama Masharti, tayari?” Nikampungia mkono. Tukashikana mikono tukaomba sala fupi, Mungu akibariki kigari, ukainuka.

Ni hayo tu. Neno la kughairi halikutoka kinywani mwangu, wala la arbuni kutorudi. Kama kichwa chako kinakwambia vivyo hivyo, na najua kinakwambia, basi ni kizima, kizima kuliko changu.

Kwa nini sikukwambia? Nilipokutazama pale kitini sikumwona mteja. Nilimwona mtoto niliyembeba mgongoni nikiwa mwenyewe mtoto. Nikaona haya kukwambia wewe, hebu mdogo wangu, rudia nilivyosema, na Chapchap anasikia. Nikajisemea, huyu ni damu yangu, masharti ni ya watu baki. Likitokea la kutokea nitazungumza na bosi. Wageni wote waliopita kwenye kile kiti niliwalinda. Wewe nilikuonea haya, nikakuacha wazi.

Hilo lingekuwa kosa la kibinadamu tu. Ningelisema siku ile ile, ningekatwa mshahara, tungecheka. Lakini niliulizwa nikakana. Ningeweza kukwambia ni ada ya mpwa wako, kwamba niliogopa kukatwa mshahara na mtoto yuko kwenye mitihani. Ungenisamehe papo hapo, nakujua. Si ada. Ni kwamba siku chache kabla yake Chapchap alikuwa amempeleka mteja dirishani bila kumpitisha kwangu. Mimi nikamsimamisha mbele ya watu wote, nikamhubiria juu ya uaminifu mpaka akaomba maji ya kunywa. Sasa bosi ananiuliza, na Chapchap yuleyule yuko mlangoni, mikono kifuani, anangoja. Niliona namna atakavyocheka. Nilifikiri siku moja ya kuchekwa na kijana wa kuuza magari ni kubwa kuliko siku zako zote. Nikajiponya na kicheko chake, nikakupa wewe ugonjwa wa baba.

Ulipouliza pale getini bado ningeweza kuuondoa. Nikautia muhuri.

Usidhani nimekuwa nikikaa vizuri. Pale kanisani wamenipa kuongoza maombi ya akina mama, na kila nikifumba macho nakuona unampa keshia mkono. Nimeomba kwa sauti kubwa kuliko wote, ili nisijisikie. Nimefunga, nimetubu, nimelia, na nikimaliza naona nimemwambia Mungu jambo analolijua, na yule asiyelijua bado anajiandikia vipimo kiganjani. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi nimeficha maradhi yangu na kilio kikatokea nyumbani kwako.

Jana, baada ya simu ya wifi, sikukaa mezani kwangu. Niliingia kwa bosi. Alikuwa anamenya karanga. Nilipomwambia, alidhani natania, akanisogezea karanga. Nilipomaliza akaniuliza mbona nisingenyamaza tu, watu walishasahau. Nikamwambia ndiyo shida yenyewe, mzee, yuko mtu anayedhani amesahau. Nikamwomba amwite keshia na Chapchap, nikasema tena mbele yao. Keshia alishika mdomo. Chapchap hakucheka. Kicheko kile nilichokiogopa chote, mdogo wangu, hakikuwepo. Alitazama viatu vyake, akasema, “Pole, mama,” akatoka nje kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

Bosi amesema sharti ni sharti, na kwa kuwa nilililia mwenyewe, linianzie mimi. Arbuni yako itatoka yote kwa mara moja, keshia atamtumia wifi kwa simu, na mimi nitakatwa kidogokidogo mpaka iishe. Usiikatae ukidhani unanihurumia. Ni yako, haikuwa yangu wala ya yadi. Na mezani pale nimetolewa. Chapchap ndiye anayewaeleza wateja sasa, na mimi ninasafisha viti vya magari yanayoingia. Ni haki yake bosi, sina kinyongo. Leo asubuhi, kabla sijarudi nyumbani, nimemsikia Chapchap akimrudisha mteja nyuma mara mbili, eti hajasema vizuri.

Shemeji yako sijamwambia bado. Jioni hii atajua, akirudi.

Ninachokuomba ni hiki. Vile vidonge vitupe. Yule fundi wa simu mwambie chumba hakipo, na mwenye kutaka cherehani mwambie mwenye mali amerudi. Barua hii msomee wifi kwa sauti, usiruke mahali kwa ajili ya heshima yangu, nakuomba, maana wewe nilikuaibisha kwa sauti. Ikiwa umesharudisha vitambaa vya watu, wafuate, waambie ilikuwa ni uongo wa mtu mwingine, na ukiulizwa ni nani, nitaje.

Jumapili, nikitoka ibadani, nitakuja huko. Nitasema mbele ya wifi na watoto haya niliyoyaandika, kwa sababu karatasi nayo ni pazia. Ukinifungia mlango, nitaelewa. Nitakaa kwenye ngazi mpaka gari la kurudi, nirudi. Lakini ukinifungulia, mdogo wangu, nakusihi, usinipokee kwa kuniomba radhi. Hilo sitaliweza.

Mpe wifi mkono kwa niaba yangu, mwambie simu yake imefanya kazi. Watoto wabusu mmoja mmoja, na huyo mla chaki mfute mdomo kwanza. Mpwa wako, ambaye hajui lolote, amepita hapa akasema nikwambie anakumiss mjomba wake. Mungu akulinde wewe na mikono yako.

Ni mimi dada yako,
niliyekutangulia tumbo moja.